Njia ya mbele ya geti la shule ifungwe asubuhi na mchana? Wazazi, madereva na wenye vibanda tusemezane

Mzazi wa Uswazi (mleta uzi)

Wakuu, habari za majukumu.

Kuna jambo limetugawa mtaani huku Temeke, nimeona nililete hapa kabla hatujatoana macho. Kamati ya shule (ni shule ya msingi ya serikali, jina naliacha) imependekeza njia inayopita getini ifungwe kwa magari, bajaji na bodaboda kuanzia saa 12:30 hadi saa 1:30 asubuhi, na tena watoto wanapotoka. Wenye nyumba zao humo ndani wapite taratibu, wagonjwa wapite, wengine wazunguke.

Miaka ya nyuma njia hii ilikuwa vumbi na mashimo, na mashimo yenyewe ndiyo yalikuwa trafiki wetu. Hakuna aliyezidisha gia ya pili. Lami ikaja, tukapiga vigelegele. Kumbe na madereva wanaokimbia foleni ya Kilwa Road nao walikuwa wanaisubiri. Siku hizi asubuhi inapita hadi lori la mchanga.

Njooni pale getini saa moja kasoro. Magari binafsi hayazidi vidole vya mikono miwili, lakini ndiyo yamekaa mbele ya geti, mlango unafunguliwa upande wa barabarani. Hiace za wanafunzi zinarudi nyuma huku konda anapiga bati na dereva anaangalia simu. Bodaboda wamepakia mishikaki, watoto watatu na mabegi yao. Katikati ya hayo yote wanapenya watoto wa miguu, ambao ndio wengi kuliko wote, fagio la chelewa kwapani, dumu la maji mkononi, mbio kuwahi namba. Wiki iliyopita mtoto wa darasa la pili alikoswa na gari aina ya Noah. Yeye mzima, dumu lilipasuka, maji yakatapakaa kwenye lami. Dereva alishusha kioo akamtukana mama yake mtoto, ambaye hakuwepo.

Msimamo wangu: ifungwe. Wengi wanakuja kwa miguu, na njia inatumika kana kwamba hawapo. Lakini mkutano wa mtaa ulivunjika kwa kelele. Nataka kusikia hoja, hasa za wanaopinga, maana mtaani nilisikia sauti tu.

Dereva Mkongwe

Mimi napinga na nitasema kwa nini, bila kelele.

Barabara ni ya umma. Wote tunalipia kwenye kila lita ya mafuta. Leo shule imefunga, kesho msikiti na kanisa nao watataka, keshokutwa baa. Halafu magari hayayeyuki. Ukifunga mtaa huu yanahamia mtaa wa pili, ambako nako kuna watoto, ila hawana kamati ya kuwasemea. Mimi nakaa huo mtaa wa pili.

Tatu, zamani tulifundishwa: angalia kulia, angalia kushoto, angalia tena kulia, kisha vuka. Siku hizi nani anafundisha?

Kibopa Mstaafu

Naunga mkono hoja. Ifungwe hata jana.

Mwalimu Chaki

Mimi ni mwalimu, mkoa siutaji. Swali langu ni moja: nani atasimama kwenye hicho kizuizi?

Maana najua mtakapomaliza kujadiliana mtasema "mwalimu wa zamu". Mwalimu wa zamu saa hiyo anasimamia usafi, anapokea waliochelewa, anasikiliza mzazi aliyekuja kulalamika, na akiingia darasani anakutana na watoto mia na kitu. Mkitaka na barabara aishike, semeni kabisa mnatafuta trafiki.

Tumewahi kuwatumia wanafunzi wa darasa la saba na skauti, tukawapa kibao cha SIMAMA na makoti ya kung'aa. Kuvusha wenzao wanaweza, na madereva wengine husimama kwa kumwonea haya mtoto. Ila kumsimamisha mtu mzima na kumwambia "huruhusiwi kupita" si kazi ya mtoto. Atatukanwa, na siku moja atagongwa akiwa kazini.

Jambo la pili. Kwa shule yetu mtoto haumii getini, anaumia kwenye barabara kuu, anaposhuka daladala na kuvuka mbele ya daladala ileile. Geti mnaweza kulifunga kwa mnyororo, barabara kuu hamuifungi.

Mzazi wa Uswazi

Mwalimu, hilo la mtu wa kusimama nimelichukua. Kwenye pendekezo limeandikwa "wadau", na wadau ni neno la mtu asiyetaka kujitaja.

Dereva Mkongwe, watoto wa darasa la kwanza wana miaka sita, saba. Hata akiangalia kulia na kushoto, Hiace iliyoegeshwa ni ndefu kumshinda. Anaangalia bati.

Mtaalamu wa Lami

Nimefanya kazi za barabara, niseme machache.

Sheria yetu ya Usalama Barabarani ya 1973 inaruhusu kilomita 50 kwa saa kwenye maeneo ya makazi. Gari lililo kwenye 50, dereva akishtuka kwa sekunde moja tu, limeshakula mita 14 kabla mguu haujagusa breki. Kwenye 30 limekula mita 8. Hizo mita sita ndiyo tofauti ya dumu kupasuka na mtoto kupasuka. Akigongwa kwenye 30 wengi wanapona. Kwenye 50 hesabu inabadilika vibaya. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoua watu wa miaka 5 hadi 29 kuliko kitu kingine chochote. Siyo malaria.

Kuna jambo la kujivunia ambalo wengi hapa hawalijui. Shirika la Amend lilianza hapahapa Dar kupita shule kwa shule, zile zenye watoto wengi wanaoumia, na kurekebisha vitu vidogo: njia ya miguu, tuta, zebra, nguzo za kuzuia magari yasipande pembeni, na penginepo kuhamisha geti kutoka barabara kubwa kwenda uchochoroni. Mpango unaitwa SARSAI, na mwaka 2019 ulishinda tuzo ya miji ya WRI Ross (WRI ni taasisi ya utafiti ya Marekani), dola 250,000, ukiyapiku majiji makubwa. Utafiti uliofanyika kwenye shule za Dar ulionyesha majeruhi wamepungua kwa takriban robo. Hakukuwa na kamera wala mitambo. Saruji na rangi.

Kwa hiyo kabla ya kufunga njia, mleta uzi, umeuliza tuta? Umeuliza kama geti linaweza kuhamia upande wa pili wa uwanja? Wakati mwingine geti lenyewe ndilo tatizo, waliliweka barabarani ili shule ionekane.

Na kisheria, mwenyekiti wa mtaa hafungi barabara kwa mdomo. Barabara za mijini za ngazi hiyo ziko chini ya TARURA tangu 2017, barabara kuu ni za TANROADS. Andikeni barua, polisi wajue, zimamoto na gari la wagonjwa wawe na njia ya kupita bila kutafuta mwenye ufunguo.

Shemeji wa Ng'ambo

Nipo London miaka mingi, huku jambo hili ni la kawaida sasa. Wanaita mitaa ya shule. Wazo lilitoka Bolzano, mji wa Italia, mwishoni mwa miaka ya 80. Hapa London manispaa za Camden na Hackney zilikuwa miongoni mwa za kwanza, na korona ilipokuja ikaongezeka kwa mamia maana walitaka wazazi waachiane nafasi nje ya geti.

Inavyofanya kazi: kibao kwenye kona kinaandika saa. Ukipita saa hizo, kamera inasoma namba ya gari na faini inakuja nyumbani. Wakazi wa mtaa huo wanasajili magari yao na kupita bure, wenye ulemavu vilevile. Mwanzoni walikuwa wanatumia vizuizi vya kuhamisha kwa mkono na mzazi wa kujitolea aliyevaa koti la njano, akitukanwa kila asubuhi, kwa hiyo Mwalimu Chaki ana haki.

Mwaka 2021 ofisi ya meya ilitoa matokeo ya vipimo vya hewa kwenye shule 18 za msingi: ile hewa chafu ya moshi wa magari ilishuka hadi asilimia 23 wakati wa kuleta watoto, na wazazi 81 kati ya 100 kwenye shule hizo waliunga mkono. Kuhusu magari kuhamia mtaa wa pili, watafiti wa Chuo Kikuu cha Edinburgh Napier walipitia tafiti za sehemu mbalimbali 2020 wakaona kwa sehemu kubwa halikuwa tatizo kama watu walivyoogopa. Baadhi ya wazazi huacha gari mbali kidogo wakatembea, wengine wanaacha kabisa.

Dereva Mkongwe

Shemeji, karibu nyumbani. London mtoto ana basi linalosimama. Huku mwanafunzi analipa 200, konda akiona sare anafunga mlango. Kituoni wanabaki watoto ishirini wanakodolea daladala macho. Mzazi mwenye kipikipiki chake anafanya nini? Anampakia. Halafu mnataka kumfungia njia. Anzeni na konda.

Na wewe umesema kamera inaandika faini nyumbani. Nyumba yangu haina hata namba inayosomeka.

Mama Mihogo Mtandaoni

Ngoja niseme ambalo hamkulisema. Mama yangu anauza mihogo ya kukaanga na ubuyu nje ya shule, si hiyo, nyingine. Ada yangu ya chuo ilitoka kwenye lile karai. Anakaa kwenye ukingo wa lami, mgongo kwenye magari, moto mbele. Kila siku namwambia geuka, anasema akigeuka hawaoni wateja.

Kwa hiyo kufunga njia kwetu ni heri. Watoto watanunua wakiwa wametulia na mama hatapitiwa. Ila nawajua. Siku ya kwanza mtafunga kwa ajili ya magari, siku ya pili atakuja mgambo kusema "eneo limetengwa, ondoa meza". Andikeni kwenye hiyo barua kwamba wachuuzi wadogo wanabaki. Kama haijaandikwa, haipo.

Boda Mstaarabu

Mimi ni bodaboda na nina watoto wa mkataba wa mwezi. Sipakii mishikaki, nawachukua kwa zamu, hata kama inanichosha. Tusichafuliwe wote.

Mkifunga, naomba mtuchoree kijiwe karibu na kizuizi, mtoto ashuke pale atembee mwenyewe hizo hatua mia. Shida haiko kwangu, iko kwa mzazi. Mzazi ameniambia "mfikishe getini, akabidhiwe mlinzi", anaogopa mtoto kupotea. Mkimshawishi mzazi, mimi nashusha popote. Msiponipa pa kusimama, nitasimama katikati ya njia ileile mnayolalamikia, sina pengine.

Asha wa Mikocheni

Hapo kwenye kupotea nipo na Boda. Mimi mama, gari ninayo, na simwachii binti yangu wa miaka saba hatua mia peke yake. Mniite mbinafsi. Habari za watoto kupotea tunazisoma kila siku.

Mzazi wa Uswazi

Dada Asha, nakuelewa kabisa. Ila fikiria hizo hatua mia zikiwa hazina gari, zimejaa watoto, wazazi, mama wa mihogo, na mtu wa kizuizi. Mtoto anapotelea wapi? Sehemu ya hatari ni ile ambayo kila mtu mzima yuko ndani ya gari na hakuna anayeangalia.

Mwenyeji wa Nairobi

Nawasalimu kutoka Nairobi, ndugu zangu.

Sisi tuna sheria kabisa. Mwaka 2017 ilipitishwa kwamba karibu na shule ni kilomita 30, na mabasi ya shule yote yawe ya manjano. Rangi ya manjano tuliiona haraka, maana anayelipa ni mwenye basi. Hiyo 30 muulize dereva wa matatu kama amewahi kuisikia. Kwa hivyo Mtaalamu wa Lami ananena kweli: tuta halihongwi.

Kuhusu wenye maduka, mwaka 2019 Luthuli Avenue, mtaa wetu wa maduka ya redio na vifaa vya umeme, ilipopunguzwa magari na kupanuliwa njia ya miguu, wafanyabiashara walipiga kelele sana, wengine wakisema ni mwisho wao. Mtu anayetembea hununua redio pia. Ila nikubali, mradi wa kufunga kati ya jiji lote Jumatano na Jumamosi, mwaka huohuo, ulikufa kabla ya kuzaliwa, sababu ulitaka kutoa matatu kabla ya kumpa mwananchi njia nyingine. Fungeni kidogo, kwa saa chache, mahali ambapo watu wanaweza kuzunguka.

Mpita Njia wa Kigali

Huku kwetu Kigali tangu 2016 kuna Jumapili za bila magari, barabara kubwa zinafungwa watu wanakimbia na baiskeli. Watu wamezoea. Lakini ni Jumapili. Jumatatu saa moja asubuhi mbele ya shule ni honi kama kwenu.

Mtoto wa Amu

Sisi Lamu magari hayaingii mjini toka enzi za mababu. Mtoto anakwenda chuoni (madrasa) anakwepa punda. Sasa pikipiki zimeanza, na punda alikuwa na adabu zaidi.

Kibopa Mstaafu

Hahaha, punda haendi 50.

Mchambuzi Huru

Naona wote mnacheka, niwatibulie. Huu mjadala wa kufunga mitaa ya shule Ulaya mara nyingi unaamuliwa na wachache wenye muda. Paris waliitisha kura Machi 2025 kufunga mitaa mingine 500 kwa magari, si ya shule tu. Theluthi mbili walisema ndiyo, vyombo vya habari vikashangilia. Waliopiga kura? Asilimia 4 hivi. Huo ndio umma?

Huku kwetu itakuwa hivyohivyo kwa namna nyingine. Njia zitafungwa Upanga na Masaki, kwenye shule za ada kubwa, kwa sababu zina walinzi na simu ya mkurugenzi. Na ndizo zenye magari mengi getini, kwa hiyo wanafunga foleni waliyoileta wenyewe. Mbagala, ambako watoto wanatembea, watapewa semina.

Mtaalamu wa Lami

Mchambuzi, hapo umegonga penyewe, japo SARSAI ilifanya kinyume: walianza na shule zenye watoto wa miguu. Kipimo kiwe hicho. Hesabuni asubuhi moja wangapi wanakuja kwa miguu, wangapi kwa gari. Wanafunzi wa darasa la sita wanaweza kuhesabu, ni zoezi zuri la hisabati. Ukienda ofisini na karatasi ya hesabu unasikilizwa tofauti na ukienda na hasira.

Baba Imani

Nina mtoto anayetumia kiti cha magurudumu. Kila mkisema "atembee hatua mia" nasikia hatua mia za mchanga. Mimi lazima nifike getini. Nikikuta mzazi wa koti la njano aniulize kitambulisho mbele ya watoto wote kila siku, nitaacha kumleta.

Siombi kingine: mtu wa kizuizi awe na orodha, na anijue kwa sura. Na pale getini kuna ngazi mbili. Kabla ya kununua minyororo, zimwagieni zege ziwe mteremko.

Mwalimu Chaki

Baba Imani, hili la ngazi liko kwenye shule nyingi, na halihitaji kibali cha mtu. Mifuko miwili ya saruji na fundi mmoja.

Dereva Mkongwe

Sijabadilika kwamba barabara ni ya umma. Lakini kama ni kwa muda wa saa moja tu asubuhi, na mtaa wa pili nao unawekewa tuta, na si kutuhamishia balaa, nitapunguza sauti mkutanoni.

Mzazi wa Uswazi

MREJESHO.

Mkutano wa mtaa umefanyika Jumamosi, safari hii haukuvunjika. Nilichapisha baadhi ya maoni yenu nikayasoma (majina yenu ya humu yalichekesha watu, Baba Imani tu ndiye hawakumcheka).

Watoto wa darasa la sita walihesabu kama Mtaalamu alivyoshauri. Karatasi yao ilipopita mkononi mwa watu, mzozo wa "wazazi wote tuna haraka" ukafa wenyewe, kwa sababu magari yalikuwa mstari mmoja kwenye ukurasa na watoto wa miguu wamejaza pande zote mbili hadi pembeni.

Waliopinga hawakuisha. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi bado anasema mzigo wake unashushwa asubuhi na hatakubali. Tumemwomba ashushe baada ya saa moja na nusu, akasema atafikiria, uso wake haukusema hivyo.

Tulichokubaliana: barua kwa TARURA ikiomba mambo mawili, kibali cha majaribio ya kufunga asubuhi tu kwa muhula mmoja, na matuta mtaa wetu na mtaa wa pili. Polisi jamii wawili watasimama kwenye kizuizi, kila kaya yenye mtoto pale ichangie kidogo posho yao, wasioweza wasisumbuliwe. Kizuizi ni mapipa mawili na bomba la plastiki juu yake, gari la wagonjwa likija linanyanyuliwa na mtu mmoja. Kijiwe cha boda kimechorwa kwa chokaa kwenye kona, karibu na mti wa mwarobaini. Wachuuzi wameandikwa kwenye barua, aya ya nne, Mama Mihogo. Ngazi fundi ameshaanza kuzivunja.

Mwalimu Chaki

Safi. Na mchana?

Mzazi wa Uswazi

Mchana bado. Madarasa ya chini yanatoka mapema, ya juu baadaye, na hakuna aliyekubali kusimama juani mara mbili. Mwenye wazo alete.